Trekta imegoma kuwaka: pita huku kwanza kabla mtu hajafungua pampu

Msimu mmoja mvua zimeshashika huku Usangu, watu wako mashambani usiku na mchana, Massey 240 yangu ikaanza tabia. Asubuhi inawaka safi, inalima kama robo saa, inapungua nguvu, inazima. Ukiipumzisha nusu saa inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Siku ya tatu ikagoma jumla. Nikaita fundi, hata filta hajagusa akasema mzee pampu hiyo imekufa. Ikafunguliwa, ikapelekwa mjini, ikakaa siku kumi na moja, ikarudi na bili yake, ikafungwa, na trekta ikagoma vile vile. Kilichokuja kuonekana nitakisema tukifika kwenye tenki.

Tangu hapo kwangu pampu (ile kubwa inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozo, zinazoipulizia ndani ya silinda) ndo kitu cha mwisho kuguswa, na nina utaratibu naufuata hata kama nina haraka kiasi gani. Nauandika hapa kwa kutumia hiyo 240 kwasababu ndo naijua, injini yake ni Perkins AD3.152, ambayo jina lenyewe linajieleza, silinda 3, ujazo inchi za ujazo 152, yaani kama lita 2.5. Massey 135 nyingi ni injini hiyo hiyo. Kama yako ni ya Kihindi au ya Kijapani sehemu zitakaa tofauti kidogo ila mantiki haibadiliki. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto, halafu dizeli inapuliziwa humo inawaka yenyewe. Kwahiyo inadai vitu vitatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ibane hewa vizuri, na ipate dizeli isiyo na upepo wala maji.

Kabla hujashika spana

Gia weka frii, ya juu na ya chini zote, PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine) itoe, handibreki vuta, jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele. Kuna ule mchezo wa kushoti stata kwa bisibisi umesimama chini kati ya tairi la mbele na la nyuma, wengi tunaufanya na wengi umewaua. Ile swichi ya usalama kazi yake ni kuzuia trekta isiwake ikiwa kwenye gia, ukishoti umeiruka, na kama gia imo basi injini ikishika tu tairi la nyuma liko juu yako. Washa ukiwa umekaa kwenye siti. Ukilazimika kupima stata kwa kushoti, hakikisha gia kwa mkono wako mwenyewe, usimwamini dereva anayekwambia "iko frii boss".

Halafu angalia mambo ya aibu. Dizeli ipo? Geji inadanganya, chovya kijiti. Koki ya tenki iko wazi? Na waya wa kuzimia, ile nobu unayovuta kuzima injini, umerudi mpaka mwisho? Hii ya mwisho msiidharau. Waya ukipata kutu unakwama katikati, nobu juu inaonekana imeingia lakini kule kwenye pampu mkono bado umefunga dizeli. Mwambie mtu avute na kurudisha nobu huku we unaangalia ule mkono wa kwenye pampu, uone unatembea mwendo wote. Trekta za baadaye zina solenoidi (swichi ya umeme inayofungua dizeli) badala ya waya: ukifungua swichi lazima usikie "tik" pale kwenye pampu. Usiposikia, chukua waya moja toka chanya ya betri gusisha kwenye solenoidi, ikilia basi shida ni umeme wa kuifikia, pampu haina kosa.

Sasa isikilize

Piga stata sekunde kumi, usizidishe kumi na tano, halafu iache ipoe kama dakika moja kabla ya kurudia, stata zinaungua kwa kulazimishwa. Wakati wa kupiga, mtu mmoja aangalie ekzosi. Utapata jibu mojawapo kati ya haya:

Kimya, au "tik" moja, au inazunguka kwa kuvuta miguu: hiyo ni umeme.

Inazunguka kwa kasi nzuri lakini ekzosi haitoi hata moshi kidogo: dizeli haifiki kwenye silinda. Hapa ndo wengi tunapokwama na ndo nitakaa sana.

Inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka na unawasha macho, ila haishiki: dizeli inafika lakini haiungui.

Kuna na ya nne, inagonga "gap!" inasimama ghafla kama imekutana na ukuta. Hiyo ACHA KABISA kupiga stata, nenda kule chini nilipozungumzia maji.

Umeme

Vua vichwa vya betri hata kama kwa macho viko safi. Ule unga mweupe na wa kijani mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, rudisha ukaze. Fanya hivyo hivyo ule upande mwingine wa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, maana pale kuna rangi, tope na kutu na hakuna anayepaangalia.

Ukiwa na mita, betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 kurudi chini hiyo ichaji kwanza. Halafu pima huku mtu anapiga stata: ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Betri ikiwa nzima na stata bado nzito, weka waya moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na ingine kwenye boliti ya stata, piga stata, usome. Ikizidi nusu volti umeme unapotelea njiani, kwenye waya au kwenye solenoidi ya stata. Rudia upande wa hasi, toka kichwa cha hasi mpaka kwenye mwili wa stata. Huna mita? Piga stata sekunde chache halafu pitisha mkono taratibu kwenye viungio, kinachochoma ndo mwizi wako.

Usidharau mzunguko wa taratibu. Injini ya petroli inaweza kushika ikizunguka kivivu, ya dizeli hapana, hewa inapata muda wa kupoa na kuvuja pembeni ya ringi kabla haijafika joto la kuchoma dizeli. Nimeona watu wanafungua nozo kumbe tatizo ni betri.

Dizeli haifiki

Anzia kwenye tenki uende kwenye nozo, usianzie katikati. Kwanza legeza mfuniko wa tenki ujaribu kuwasha. Ule mfuniko una kitundu cha kupumulia, kikizibwa na tope tenki linajivuta ndani na dizeli inakataa kushuka. Ikiwaka baada ya kulegeza, umemaliza kazi kwa sindano.

Haijawaka? Funga koki, chomoa paipu inayoingia kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo ya ubavuni mwa injini yenye kiwenzo cha mkono. Kinga ndoo, fungua koki. Kwenye hizi Massey tenki liko juu ya injini kwahiyo dizeli inatakiwa ishuke yenyewe kwa nguvu. Na hapa iache itiririke dakika mbili tatu nzima, usiridhike na sekunde tano. Mimi nilipofanya hivi (baada ya siku kumi na moja za pampu mjini, kumbukeni) ilianza kumwagika vizuri, ikapungua ikawa kama uzi, ikabaki matone. Nikapuliza paipu kwa mdomo kurudi juu, ikasikika "blup" ndani ya tenki, dizeli ikaja tena kwa nguvu, ikapungua tena. Tukashusha tenki, tukaligeuza. Kilitoka kinailoni cha duara, kile kifuniko chembamba kinachokuwa chini ya kizibo cha dumu jipya la oili, mtu alikitoboa akamimina dizeli kwa dumu hilo na chenyewe kikaingia. Dizeli ikitembea kinavutwa kinaenda kukaa juu ya tundu kama sahani, injini inazima, ukipumzika nusu saa kinaachia kinasogea. Pampu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Kwahiyo mkuu, trekta inayowaka, inazima baada ya muda, halafu inawaka tena ikipumzika, usikubali mtu aiguse pampu kabla hujaona dizeli inatiririka toka kwenye tenki bila kupungua.

Ile iliyoingia kwenye ndoo usiitupe. Jaza chupa ya maji ya kunywa iliyo safi, isimamishe mahali pametulia robo saa. Maji ni mazito kuliko dizeli yatakaa chini na utaona mstari kabisa. Tenki linaloachwa nusu usiku kucha hewa yake inatoa umande ndani, kila siku kidogo kidogo, ndo maana wazee wanajaza tenki jioni badala ya asubuhi. Ukiona maji mwaga yote, osha tenki, badilisha filta. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa hapo umeuziwa ya kuchakachua, na hiyo kwa pampu ni sumu maana pampu za aina hii hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita.

Kisha fidi pampu. Pampu kiwenzo kwa mkono ukiwa umelegeza paipu ya kutokea, dizeli iruke kwa kila pigo. Ukikuta kiwenzo kimelegea hakisukumi chochote usihukumu haraka, inawezekana kamu ya injini imesimama pale inapokuwa imeshaisukuma mpaka mwisho, zungusha injini raundi moja ujaribu tena. Bado hakuna kitu? Daiframu (ile ngozi ya ndani inayosukuma dizeli) imechanika. Kama imechanika chomoa na dipstiki: oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, dizeli imekuwa ikishukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Usiwashe hivyo hivyo, mwaga oili yote uweke mpya, oili iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi.

Filta badilisha tu, kuipuliza filta ya dizeli ni kujidanganya. Ukifungua zile filta za CAV toa oringi zote za zamani, moja huwa inabaki imenata juu kwenye kichwa, ukiweka mpya juu yake zinakuwa mbili na pale patavuta upepo au kuvuja milele na utatafuta mchawi.

Kutoa upepo, taratibu

Ukishafungua chochote hapo juu upepo umeingia, na upepo unabanika, pampu inausukuma na unajibana badala ya kufungua nozo. Futa pote kwanza kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Nati za hizi Perkins ni za inchi, usilazimishe spana ya milimita inayocheza utakula kona zote.

1. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kiwenzo. Itatoka povu, kisha mapovu makubwa, kisha dizeli tupu. Kaza huku bado unapampu, usiache kwanza ndo ukaze. Kama filta ni mbili, fanya na ya pili.

2. Nenda kwenye pampu kubwa. Ya kwenye hizi Massey ni CAV DPA, ina skrubu mbili za upepo, moja ubavuni kwenye mwili wa pampu na ingine juu kwenye boksi la gavana (kidhibiti cha kasi ya injini). Legeza zote, pampu kiwenzo, kaza ile inayotangulia kutoa dizeli safi, halafu ile ingine. Skrubu hizi ni ndogo zinakatika, kaza kwa adabu.

3. Nobu ya kuzimia isukume ndani, mkono wa mafuta (wa kuongeza kasi) weka mwisho kabisa. Legeza nati za paipu kwenye nozo, nusu raundi mpaka raundi moja, zote tatu. Piga stata kwa vipindi mpaka dizeli irushe pale kwenye nati bila povu. Kaza moja moja. Mara nyingi ukishakaza mbili injini inashika yenyewe, inayumba kidogo, unakaza ya tatu inatulia.

Kwenye hatua ya tatu mkono na uso kaa mbali. Presha ya kwenye nozo inatoboa ngozi, unaona kama umechomwa na mwiba tu haiumi sana, kumbe dizeli imeingia ndani ya nyama. Ikitokea nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie wazi kwamba ni dizeli ya presha, usisubiri kivimbe. Watu wamekatwa vidole kwa kungoja kesho.

Kama dizeli inafika safi kwenye skrubu za pampu lakini kwenye nati za nozo hakuna kitu, na waya wa kuzimia umeshauhakikisha, SASA ndo una haki ya kuisema pampu. Kabla haijatoka angalia kwenye flanji yake kuna mstari uliochorwa unaolingana na mstari wa kwenye injini. Usipouona piga alama yako kwa patasi, rangi inafutika. Ikirudi ifungwe mstari kwa mstari, ikikaa digrii chache pembeni trekta itakuwa ngumu kuwaka au itagonga. Yangu ilirudishwa imepinda kidogo, kwahiyo hata baada ya kutoa kile kinailoni bado ilisumbua mpaka tulipoilegeza na kuilinganisha.

Moshi mweupe na haishiki

Moshi huo ni dizeli imegeuka mvuke bila kuungua, maana yake silinda haipati joto. Kama uko Njombe au Makete mwezi wa sita saa kumi na mbili asubuhi, inaweza ikawa baridi tu. Massey hizi zina kifaa cha kuwashia kinaitwa thermostart (siyo themostati ya maji) kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kakoili kanapata moto, kanafungua kivalvu, dizeli kidogo inaungua pale na kupasha hewa inayoingia. Shikilia swichi kwenye nafasi ya kupasha kama sekunde 15 hadi 20 kisha piga stata. Manifoldi ikibaki ya baridi angalia waya wake, na angalia kikopo au kipaipu kinachokaletea dizeli kisiwe kikavu. Na tafadhali, zile spirei za kuwashia usipulize kwenye injini yenye kitu cha kupasha namna hiyo, inalipuka kwenye manifoldi. Petroli kwenye ea klina (chujio la hewa) pia hapana.

Ea klina yenyewe ifungue, ile ya bakuli la oili. Msimu wa vumbi inajaa tope zito kama uji, na nimeshakuta kiota cha panya.

Baada ya hapo kinachobaki ni mbano. Weka nafasi ya valvu sawa kwanza, kwenye AD3.152 ni milimita 0.30 injini ikiwa ya baridi, valvu iliyobana haifungi na mbano unatoroka. Kisha kama una geji ya mbano pima silinda zote tatu, kinachosema kitu ni tofauti kati yao kuliko namba yenyewe. Moja ikiwa chini, weka kijiko cha oili kupitia tundu la nozo urudie: ikipanda ringi zimekwisha, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Ukirudisha nozo weka washa mpya za shaba (vile vipete vya chini yake), ukikosa chukua ile ya zamani ipashe mpaka iwe nyekundu uitumbukize kwenye maji, inalainika.

Kuhusu ile "gap!". Ekzosi ya kusimama ikikaa wazi usiku wa mvua, maji yanashuka mpaka ndani ya silinda kama valvu yake imesimama wazi, na maji hayabaniki kama hewa. Toa nozo zote tatu, zungusha injini kwa mkono kwanza, halafu stata kidogo, yaruke nje. Kama maji yana rangi au utelezi wa kupozea injini, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hapo ni gasketi au hedi imepasuka, mvua haihusiki. Kuivuta kwa mnyororo trekta iliyo kwenye hali hii ni kupinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kuvuta ni kwa betri iliyokufa tu, na baada ya kujua injini inazunguka huru. Kopo la rangi juu ya ekzosi kila jioni linamaliza habari yote hii.

Ikishawaka

Usikimbilie jembe. Iache mzunguko mdogo dakika kumi, angalia presha ya oili imepanda, chukua karatasi kavu upitishe kwenye kila kiungio cha dizeli ulichofungua, ikilowa kaza. Pandisha kidogo mafuta, isikilize kama inayumba, ikiyumba bado kuna upepo, rudia namba 2. Halafu izime. Subiri nusu saa, panda uwashe bila kugusa kile kiwenzo cha mkono. Ikishika kwa pigo la kwanza ndo uite dereva.